Mwalimu amesahihisha insha ya mwanangu, na mama yangu amenyamaza

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa Amu, yaani Lamu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, na sasa ninaishi Nairobi na mume wangu, mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 8, na mama yangu mzazi, ambaye nilimchukua aje kukaa nasi baada ya baba kufariki na eda kumalizika. Mume wangu ni Mtigania kutoka Meru, aliyesilimu kabla hatujaoana. Ni mtu mwema. Anampenda mtoto na anamheshimu mama mkwe wake, na ningependa hilo lieleweke kwanza, kwa sababu jambo ninalolileta linaweza kumfanya aonekane kinyume na alivyo.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada vya Kiswahili. Wenzangu ofisini husema kwamba mimi ndiye mwenye lugha, na wakikwama kwenye methali au kwenye majina ya mambo ya baharini hunijia mezani. Hata hivyo, nikiandika "mwengine" hurudishiwa "mwingine", na masimulizi ya mzee wa Lamu yakiingia kitabuni huandikwa upya yote, isipokuwa maneno mawili matatu yanayoachwa ndani ya alama za mtajo ili msomaji aonjeshwe ukale. Sikuwahi kuliona hilo kuwa dhuluma. Tulikua tukisema Kiamu nyumbani na kuandika sanifu darasani, na ulimi wangu umezoea kuhama wenyewe kulingana na aliye mbele yangu.

Tangu mama aje, yeye ndiye anayempokea mtoto anaposhushwa na basi la shule, akampa chakula na kukaa naye hadi magharibi tunaporejea. Mtoto huyu alikuwa akitujibu kwa Kiingereza hata tulipomsemesha Kiswahili. Baada ya miezi michache ya kuitwa "Ndoo ule, mwanangu" na kusimuliwa visa vya mashua na majini, alianza kuzungumza Kiswahili kwa raha, tena cha Amu, kwa lafudhi ambayo dada zangu walipoisikia kwenye simu walipiga vigelegele.

Muhula huu darasa lao lilipewa insha kuhusu mambo waliyofanya jana yake. Mwanangu aliandika: "Yana nilipokuya kutoka shule nilikuwa na ndaa sana. Bibi alinipa wali na mtuzi wa samaki." Mwalimu aliyazungushia wino mwekundu maneno manne, "yana", "nilipokuya", "ndaa" na "mtuzi", akampa alama ya chini, kisha akaandika mwishoni: "Lugha ya nyumbani isiletwe shuleni. Mzazi amsaidie mtoto." Hakuna kosa jingine lililotiwa alama. Insha yenyewe ilijaza ukurasa mzima, na kabla ya mama kuja mtoto huyu alikuwa akiishia kwenye sentensi chache tu.

Mume wangu aliisoma usiku ule na akafadhaika. Aliniambia tumwombe mama azungumze na mtoto Kiswahili cha vitabuni, au kama hilo ni taabu kwake, basi mazungumzo yao yapungue. Alinikumbusha kwamba yeye alivishwa kibao shingoni katika shule ya msingi kwa kusema Kimeru, na kwamba hataki mwanawe apitie aibu ya namna hiyo. Alisema pia kuwa katika Gredi ya 6 kuna tathmini ya kitaifa, na watahini hawatauliza bibi yake anatoka wapi. Lakini mtoto akirudi kutoka uwanjani na Sheng mdomoni, baba yake hucheka tu. Yeye hawezi kumtamkia mama mkwe neno kama hilo, kwa hiyo ananitaka nimwambie mimi.

Sikumwambia mama kitu. Lakini nyumba yetu ni ndogo na kuta zake hazizuii maneno. Tangu siku ile mama amebadilika. Anapotaka kumwita mtoto huanza "Nd…", husita, kisha husema "Njoo". Akilikosa neno la sanifu hunyamaza au huonyesha kwa kidole. Visa vya usiku vimekwisha. Hivi karibuni aliniambia kwamba baridi ya Nairobi haimfai na kwamba angependa kurudi Amu kabla ya Ramadhani. Mtoto naye ameniuliza kama bibi amekasirika.

Nilipowaeleza dada zangu walighadhibika. Wanasema Kiswahili ni chetu, kwamba watu wa bara hawawezi kuja kutufundisha sisi, na kwamba mimi mwenyewe nimeshageuka mtu wa bara. Mume wangu akisikia maneno hayo huikumbuka siku ya posa yetu huko Amu, alipotafuta mahali pake akasema "kiti yangu", na chumba kizima cha wanaume kikaangua kicheko. Tangu hapo hajasema Kiswahili mbele ya jamaa zangu bila wasiwasi.

Sasa sijui nishike lipi. Nimwambie mama ajirekebishe, jambo ambalo naliona ni kumvunjia heshima mzazi wangu katika lugha aliyonilelea? Nimwache aseme atakavyo, na mtoto aendelee kupoteza alama? Nimkabili mwalimu? Tena najiuliza jambo ambalo sijamwambia mtu: ninapokitetea Kiamu, ninamtetea mtoto, ninamtetea mama, au ninaitetea nafsi yangu?

Binti wa Langoni,
Nairobi


JIBU LA MSHAURI

Dada yangu wa Langoni,

Wa aleikum salaam. Poleni kwa kuondokewa na baba, Mungu amrehemu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeona kwamba ndani yake mna watu wengi wanaopendana na ambao kila mmoja amewahi, kwa wakati wake, kufanywa aone haya kwa namna anavyosema. Nikikuelewa vyema, hukuja kuniuliza iwapo Kiamu ni lugha nzuri, kwa sababu hilo unalijua. Unauliza jinsi ya kumlinda mtoto asiadhibiwe kwa maneno aliyopewa kwa mapenzi, bila ya kumfanya aliyempa maneno hayo ajione mgeni katika nyumba ya bintiye.

Niruhusu nianze na mama. Katika barua yako namsikia mumeo, namsikia mwalimu, nawasikia dada zako, hata mtoto namsikia. Mama simsikii ila katika neno moja analolikatiza. Unaamini kwamba aliyasikia mazungumzo ya usiku ule, na dalili ulizozieleza zinaelekea huko. Hata hivyo, mjane aliyetoka Amu, ambako watu hutembea kwa miguu na hakuna mlango atakaoupita asikute wa kusalimiana naye, akaja kukaa ndani ya nyumba ya Nairobi akingoja basi la shule, anaweza kuwa na sababu zaidi ya moja ya kunyamaza. Huenda ni lugha, huenda ni msiba ambao sasa ndio unampata baada ya shughuli za eda kwisha, huenda kweli ni baridi. Huenda ni yote kwa pamoja. Kabla hujaamua umwambie nini, je, umepata nafasi ya kumuuliza? Na utakapomuuliza, nakusihi umuulize kwa Kiamu, mkiwa peke yenu, bila kulitanguliza daftari la mtoto.

Nigeukie sasa wino mwekundu, kwa sababu nahisi ndio uliokuumiza zaidi, na kwa haki. Wewe ni mhariri na baadhi ya haya unayajua kuliko mimi, lakini mtu akiumia hata ajualo humponyoka. Hapo zamani haikuwa dhahiri hata kidogo kwamba lahaja itakayoandikwa vitabuni ni ya Unguja. Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliiegemeza kamusi yake kwenye Kimvita, lahaja ya Mombasa. Ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Upande wa Unguja, Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa mwongozo wa Kiunguja mwaka 1870. Wamishonari wa Mombasa na wale wa Unguja walishindana kwa miaka mingi, kila upande na maandiko yake. Kiunguja kilikuwa na nguvu nyuma yake: Unguja ilikuwa makao ya masultani wa Busaidi, misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukieneza hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na utawala wa Tanganyika ulikikuta kikisemwa huko. Ulipofanyika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kupitisha vitabu na tahajia. Waliokaa kwenye kamati hiyo mwanzoni walikuwa maafisa wa serikali za kikoloni na wamishonari. Washairi wa Amu, Pate na Mombasa hawakuwa na kiti humo, ingawa Kiamu kilikuwa kimebeba tungo zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya hapo. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa wosia katika lahaja hiyo yapata mwaka 1858, na hakuna anayesema leo kwamba alikosea.

Nakukumbusha haya kwa sababu mwalimu aliandika "lugha ya nyumbani" kana kwamba mtoto alileta darasani kitu kisicho Kiswahili. Mwanao hakuharibu neno. Ameandika kwa uaminifu neno lenye historia yake, mahali ambapo historia hiyo haikupewa nafasi. Wakati huohuo nisingependa uondoke hapa ukidhani kuwa sanifu ni hila tu ya wakubwa. Kwa sababu yake mtoto wa Lamu na mtoto wa Kigoma wanaweza kusoma kitabu kimoja, na wewe mwenyewe unapata riziki kwa kuitunza. Tena mzigo huu haukubebwa na Amu peke yake. Hata Zanzibar kwenyewe, mtoto wa Makunduchi au Tumbatu hasemi kama mtoto wa Mjini, na mtoto wa Pemba vilevile, ndiyo maana Baraza la Kiswahili Zanzibar likaona haja ya kuchapisha makamusi ya lahaja hizo. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya vitabu na utawala umekuja kusikika masikioni mwa watu kama hukumu juu ya akili na malezi yao, na wino wa mwalimu umebeba hukumu hiyo, pengine bila yeye kukusudia.

Sasa mumeo. Umemtetea mwanzoni mwa barua yako, nami nakuunga mkono. Ukilitazama ombi lake haraka, linaonekana ni la mtu wa bara anayemwambia mama wa Kiamu kwamba hajui Kiswahili. Lakini mtu huyu ameaibishwa mara mbili kwa ulimi wake: shuleni alivishwa kibao kwa sababu ya Kimeru, na siku ya posa yake, siku ambayo mwanamume hutaka kuonekana mtu mzima mbele ya wakwe, alichekwa kwa sababu ya Kiswahili. Anachokijua kuhusu lugha ni kwamba ukikosea utaumizwa na wenye nguvu, na wenye nguvu hubadilika kulingana na chumba ulichomo. Shuleni ni mwalimu. Kwenu Amu ni jamaa zako. Naona kwamba anapoomba mama anyamaze, anajaribu kumwondoa mwanawe katika njia ambayo yeye alipigiwa. Hilo halilifanyi ombi lake kuwa sawa. Kwamba Sheng ya watoto wa mtaani humchekesha na Kiamu cha mama mkwe humtisha ni jambo la kumuuliza kwa upole, kwa sababu Sheng nayo haitampa mtoto alama. Mimi nadhani tofauti ni kwamba wino mwekundu ulikiangukia Kiamu, wala haukuiangukia Sheng.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikuligusa, nami naliuliza tu. Mtoto huyu anajua maneno mangapi ya Kimeru? Umenieleza jinsi Kiamu kilivyoingia nyumbani mwenu, Kiingereza kilivyokuwamo kabla yake, na Sheng inavyotoka uwanjani, lakini Kitigania cha baba yake hakimo mahali popote. Inawezekana mumeo aliamua mwenyewe kuiacha lugha yake nje ya mlango kwa ajili ya amani na maendeleo, na sasa anashangaa kuona kwamba lahaja ya upande wako haitakiwi kufanya vivyo hivyo. Kama ni hivyo, mazungumzo yenu hayawezi kuwa ya Kiamu peke yake. Yeye, kwa kuwa ni Mtigania, bila shaka anajua kwamba hata vitabu vya Kimeru vimeegemea zaidi Kiimenti, lahaja ya majirani zao Waimenti. Huenda akaelewa haraka kuliko unavyodhani hali ya mtu anayesomeshwa lugha yake mwenyewe kwa sauti ya jirani, ukimfungulia mlango wa kuizungumza bila kumweka kizimbani.

Dada zako nao nawaelewa, lakini maneno yao yananitia wasiwasi. Kusema kwamba Kiswahili ni chetu kunafariji pale mtu anapodharauliwa. Kukisema kwa mtu aliyechekwa kwa "kiti yangu" ni kuurudisha mjeledi uleule kwa mkono mwingine. Hayo ya kwamba umegeuka mtu wa bara, usiyabebe. Mtu anayezungumza Kiamu na mama yake, sanifu na wenzake ofisini, na Kiingereza pale kinapohitajika, hajageuka. Ndivyo watu wa pwani walivyoishi na wageni wa bandarini kwa karne nyingi.

Tuzipime njia ulizonazo, kwa sababu kila moja ina gharama yake.

Ukimwambia mama aseme sanifu, huenda mtoto akapata alama chache zaidi kwa muda, na mumeo atatulia. Lakini nina shaka kama mtoto atapata Kiswahili zaidi. Umeniambia mwenyewe kwamba kabla ya bibi yake kuja alijibu kwa Kiingereza na insha zake zilikuwa fupi. Ufasaha alioupata aliupata kwa mtu anayesema bila kujichunga, na mtu anayetafuta kila neno kabla ya kulitamka hawezi kusimulia kisa cha jini wa baharini. Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka 8 huona. Ataelewa kwamba bibi yake amerekebishwa, na atajifunza ni nani nyumbani humo anayeweza kurekebishwa.

Ukinyamaza na kuacha mambo yaende, hutamkosea mtu yeyote kwa maneno, na pengine baada ya muda kila mmoja atarudi katika hali yake. Nina hofu, hata hivyo, kwamba ukimya wako umekwisha kusomwa na mama kuwa ni kukubaliana na mumeo. Ni kweli hukumwambia kitu, lakini hukumwambia pia kwamba hukubali.

Njia ya kati, ambayo wazazi wengi wameijaribu, ni kumfundisha mtoto ajue kwamba ana njia mbili za kusema na kila moja ina mahali pake. Kwa umri wake hilo liko ndani ya uwezo wake. Tayari haongei na mwalimu wake Sheng ya uwanjani. Unaweza kuketi naye na daftari lilelile, ukaandika upande mmoja asemavyo bibi na upande wa pili kiandikwavyo kitabuni: ndaa na njaa, ndia na njia, ndoo na njoo, kisha mtuzi na mchuzi, mtele na mchele, mato na macho, kisha yana na jana, yua na jua, kuya na kuja. Usimweleze kanuni. Mwache aione mwenyewe, na naamini ataiona kabla hujamaliza ukurasa, kisha atataka kukupa mifano yake. Mtoto aliyeigundua kanuni hiyo amejifunza sarufi ambayo wenzake hawajaifikia, na amejifunza kwamba mtuzi na mchuzi ni ndugu, wala mmoja si mwenzake aliyevunjika.

Nisikufiche hatari zake. Kwa muda atachanganya, na katika mtihani anaweza kuponyokwa na "yana" mahali pa "jana" akapoteza alama. Mumeo anahitaji kuambiwa hilo waziwazi, asije akahisi amedanganywa. Hatari nyingine ni kwamba Kiamu kikishapewa mahali pake, mahali hapo huweza kupungua kidogo kidogo hadi kikabaki cha jikoni na cha salamu za Idi. Nawe unalijua jambo hilo kutoka kazini, katika yale maneno mawili matatu yanayoachwa ndani ya alama za mtajo. Kwa hiyo ukichagua njia hii, tazama pia nani anabeba kazi ya kufafanua. Naona afadhali uibebe wewe na, akikubali, mumeo. Mama aachwe awe bibi, asigeuzwe mwalimu wa lahaja nyumbani mwenu wala kielelezo cha mambo ya kale.

Kuhusu kumkabili mwalimu, nakuomba ulitafakari neno lenyewe ulilolitumia. Mwalimu huyo huenda ana darasa kubwa, anasahihisha kwa mwongozo aliopewa, na kama hakukulia pwani huenda hajawahi kulisikia neno "mtuzi" maishani mwake. Ameona herufi mbili ambazo haziko sawa na kitabu, basi. Wewe nawe hutaingia mlangoni ukiwa mzazi tu. Utaingia ukiwa mzaliwa wa Amu na mhariri wa vitabu anavyofundishia, na hiyo ni nguvu, hata kama nyumbani huihisi. Unaweza kumkumbusha kwamba Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka dola ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya, na utakuwa umesema kweli, lakini ukiitumia kama shtaka, mtoto ndiye atakayerudi darasani kesho yake. Pengine ungepata zaidi kwa kuomba mambo madogo: kwamba aandike neno la sanifu kando ya la Kiamu badala ya kuzungushia duara tupu, na kwamba pale insha ilipofaulu naye aseme imefaulu. Ikiwa atakataa, au mtoto akaanza kuchekwa darasani kwa lafudhi yake, basi itakuwa haki yako kulifikisha kwa mkuu wa shule, ukijua kwamba uhusiano na mwalimu unaweza kuharibika kwa muda.

Uliuliza kama unamtetea mtoto, mama, au nafsi yako. Sidhani unahitaji kuchagua. Kwa miaka mingi umefanya kazi ya kuyaondoa maneno ya kwenu kurasani na hukuona dhuluma, kwa sababu yalikuwa na pa kurudi: yalikuwa hai kinywani mwa mama. Sasa mama anayameza, na si ajabu kwamba umeanza kuhisi kitu ambacho hukukihisi ofisini. Huenda hisia hiyo ikakupeleka kuzungumza na wenzako kuhusu masimulizi ya wazee yanavyochapishwa, au huenda isikupeleke popote. Kuitazama tu si ubinafsi. Nakuomba lakini usimkabidhi mtoto kazi ya kuipigania; ana insha zake za kuandika.

Limebaki suala la mama kurudi Amu. Anayo haki ya kurudi kwake, na kama moyo wake uko huko, kumzuia kwa mapenzi pia ni kumnyima sauti. Ila naona yapo mambo mawili ambayo hayana budi kufanyika kabla hajapanda basi. Kwanza, asikie kutoka kwako, na kama mumeo atakuwa tayari, kutoka kwake pia, kwamba hakuna aliyemwona ameharibu mtoto. Mumeo akishindwa kulisema, mwombe alionyeshe kwa namna yake, hata kwa kumwomba mama mbele ya mtoto amsimulie kisa kimoja, na yeye akae asikilize. Pili, mtoto aelezwe sababu ya safari. Amekuuliza kama bibi amekasirika, na usipomjibu atajijibu mwenyewe, na jibu lililo karibu naye ni lile daftari. Akiondoka bila maelezo, mwanao anaweza kuishi na dhana kwamba insha yake ndiyo iliyomfukuza bibi yake. Mkikubaliana aende, panga na likizo ya mtoto huko Langoni, ambako atakuta watoto wengine wakisema kama yeye, na baba yake afuatane naye ikiwezekana. Hapo dada zako watakuwa na kazi yao ya kumpokea shemeji yao bila kicheko, nawe ndiwe utakayepaswa kuwaambia hivyo mapema.

Ramadhani haiko mbali, kwa hiyo anza na mama wiki hii. Mwalimu anaweza kungoja.

Wako katika ushauri.